Wakubwa Wakishindana, Mtoto Abaki Darasani

Katika mji wetu wa Lubumbashi jina la Kasapa lina maana mbili. Kijana akisema anakwenda Kasapa na daftari mkononi, watu wanaelewa kwamba anakwenda Chuo Kikuu. Mama akilia kwamba mwanawe amepelekwa Kasapa, watu wanaelewa kwamba kijana amefungwa gerezani. Lakini sisi tunaokaa upande huu tunajua kwamba kuna Kasapa ya tatu, isiyo na kibao barabarani. Ni chumba cha nyuma cha nyumba, anapokaa mtoto asiyesikia, au mtoto wa kifafa, au mtoto ambaye akili yake inakwenda polepole, saa zile wenzake wanaposoma. Mtoto huyo hakuhukumiwa na jaji. Hakuna karatasi inayoonyesha muda wa kifungo chake. Aliambiwa tu siku moja: "Rudi nyumbani, mama yako aje kuniona." Mama akaenda, akasikiliza, akarudi na mtoto wake mkononi. Watu wakasema shauri limekwisha.

Je, limekwisha kweli? Sisi tunasema halikuanza hata kidogo. Shauri ambalo upande mmoja umesema na upande wa pili umenyamaza si shauri. Ni amri tu iliyovikwa nguo ya upole.

Kuna watu wanaojisifu kwamba katika parokia zetu hakuna ugomvi kati ya wazazi na shule juu ya watoto wenye ulemavu. Wanasema: "Mungu asifiwe, sisi tunaishi kwa amani." Haya! Makaburini pia hakuna ugomvi. Mahali ambapo watoto wa namna hii wanapokelewa shuleni, ni lazima wazazi na walimu wapingane mara kwa mara, maana kila upande unaona jambo kwa macho yake. Pasipo na mapingano yoyote, yafaa tuwahesabu watoto. Pengine tutakuta kwamba amani imepatikana kwa sababu wale watoto hawapo darasani.

Basi, neno letu ni moja tu, nalo ni hili: wazazi na shule wakishindana juu ya mtoto, mtoto abaki darasani mpaka shauri likatwe. Mengine yote tutakayoandika hapa ni njia ya kulifikia neno hilo.

Mambo yanavyokwenda sasa

Kwanza tutazame desturi yetu ilivyo. Mwezi wa Septemba mama anamwandikisha mtoto. Hasemi kwamba mtoto ana kifafa, kwa sababu anaogopa atakataliwa. Mwezi wa Oktoba mtoto anaanguka darasani. Wenzake wanakimbia, na mara nyingine mwalimu anakimbia pamoja nao, kwa kuwa amesikia kwamba povu la mgonjwa linaambukiza. Si kweli. Kifafa hakiambukizi, wala kwa mate, wala kwa kumgusa mgonjwa, wala kwa kuketi naye kwenye benchi moja. Lakini hakuna aliyemfundisha mwalimu jambo hilo.

Kesho yake wazazi wengine wanafika kwa direkta na kelele nyingi. Direkta anaona upande mmoja ana wazazi wengi wa kutuliza, upande wa pili ana mama mmoja mwenye haya. Anachagua njia nyepesi. Anamwita yule mama, anampa kiti, anasema naye kwa sauti nzuri: "Mama, mtunze mtoto kwanza. Akipona, mtamrudisha." Hakuandika kitu. Hakutaja siku ya kurudi. Hakusema, "Nimemfukuza." Na mama naye hakusema, "Nakataa." Alisema, "Asante, direkta." Halafu katika kitabu cha shule mbele ya jina la mtoto kunaandikwa kwamba ameacha masomo. Ameacha! Nani aliyeacha? Mtoto aliyaacha masomo, au masomo yalimwacha mtoto?

Kwa mtoto kiziwi mambo ni ya namna nyingine, lakini mwisho ni ule ule. Anawekwa nyuma kabisa, maana hasumbui. Anarudia mwaka wa kwanza, anaurudia tena. Halafu mzazi anaambiwa: "Mtoto huyu ana shule za namna yake. Mpelekeni huko." Neno hilo laweza kuwa la kweli, maana kuna watoto wanaofaidika zaidi katika shule maalum, wanapofundishwa lugha ya alama au maandishi ya vipofu. Lakini aliyesema "huko" amesema wapi? Ameuliza kama kuna nafasi? Amehesabu makuta ya usafiri wa kila siku kutoka Kasapa mpaka upande wa pili wa mji? Kumwonyesha mtu njia isiyofika ni kumpoteza, hata ukimwonyesha kwa adabu.

Tunawajibu wanaopinga

Tunajua tutapingwa. Yafaa tuyasikie maneno ya wapinzani wetu moja moja, maana mengine yana ukweli ndani yake.

Wa kwanza wanasema: "Madarasa yamejaa." Ni kweli. Tangu serkali ilipoanza mwaka 2019 kutekeleza masomo ya bure katika shule za msingi za umma, watoto wamekuja kwa wingi, na madarasa hayakuongezeka kwa kadiri ya watoto. Tunawaona walimu wanaofundisha watoto wengi mno, watatu watatu au wanne wanne kwenye benchi moja. Anayewalaumu walimu hao bila kuona mzigo wao hasemi haki. Lakini tunauliza hivi: mtumbwi ukijaa kupita kiasi, kwa nini anayetupwa majini ni yule asiyejua kuogelea? Kama darasa limejaa, limejaa kwa watoto wote. Wingi wa watoto ni sababu ya kudai madarasa na walimu. Si sababu ya kumchagua kiziwi atoke.

Wa pili wanasema: "Mwalimu hakufundishwa kazi hiyo." Hili nalo ni kweli kwa walimu wengi, na ni haki yao kuomba wafundishwe. Hata hivyo kuna mambo yasiyotaka diploma. Mtoto asiyesikia vizuri aketi benchi la mbele. Mwalimu awatazame watoto anaposema, asiseme na ubao. Mtoto asiyeona vizuri asogezwe karibu, na maneno yaandikwe makubwa. Mtoto wa kifafa akianguka, alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu naye, asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni, na mtu akae naye mpaka atulie. Haya yote mwalimu anaweza kujifunza katika saa moja ya mkutano.

Wa tatu wanasema: "Wazazi wa watoto wengine wanalalamika." Basi waje walalamike mbele ya watu, nao wasikilizwe. Mara nyingi wanachohitaji ni kuelezwa tu. Lakini malalamiko si hukumu. Kama kila mtoto aliyelalamikiwa angefukuzwa, shule ingebaki na direkta peke yake.

Wa nne hawasemi kwa sauti kubwa. Wananong'ona kwamba mtoto huyo si wa kawaida, kwamba kuna ulozi katika ukoo, kwamba mtu fulani alimfunga. Tunasikitika kusema kwamba kuna wakristu wanaopokea Ekaristi Jumapili na kunong'ona hivyo Jumatatu. Kwa habari hiyo sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshtaki mtoto kwa ulozi. Na mkristu ana sababu iliyotangulia sheria hiyo. Katika Evanjili ya Yoane, sura ya 9, wanafunzi walimwuliza Bwana wetu kama kipofu yule alizaliwa hivyo kwa dhambi yake au kwa dhambi ya wazazi wake. Bwana alikana yote mawili. Anayeendelea kuuliza swali hilo leo anauliza swali lililokwisha jibiwa.

Wa tano wanasema: "Shule ni ya Padri. Mkristu mwema hashindani na Padri wala na Masista." Neno hili ndilo linalofunga midomo ya wazazi wengi kuliko mengine, kwa hiyo tulijibu vizuri. Mwaka 1974 serkali ya Zaire ilizichukua shule za makanisa. Baadaye ikaomba makanisa yaziongoze tena, na tarehe 26 Februari 1977 mapatano yakatiwa sahihi. Tangu hapo shule tunazoziita za Katoliki katika mapatano hayo ni shule za taifa zilizo chini ya uongozi wa Kanisa. Kwa hiyo mzazi anayefika langoni haombi kuingia nyumba ya mtu. Anakuja mahali ambapo mtoto wake ana haki.

Tena Kanisa lenyewe halikuwaambia wazazi wanyamaze. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya kikristu, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 796, inawataka walimu washirikiane kwa karibu na wazazi na wawasikilize kwa moyo. Basi mzazi anayeomba asikilizwe hamtukani Padri. Anaomba kile ambacho Kanisa lilikwisha kumpa.

Sheria zipo, njia haipo

Je, nchi yetu haina sheria? Inazo, tena si chache. Katiba ya mwaka 2006, katika fungu la 43, inasema kwamba kila mtu ana haki ya kusoma, na kwamba masomo ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Haikuandika "isipokuwa kiziwi". Fungu la 49 linawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya masomo ya taifa inataja pia masomo maalum. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao fungu lake la 24 ni la masomo. Na tarehe 3 Mei 2022 ikatolewa sheria ya pekee ya kulinda na kukuza haki za watu wenye ulemavu.

Mbona basi mtoto yuko nyumbani? Kwa sababu sheria haitembei yenyewe. Sheria iko Kinshasa, mtoto yuko Kasapa, na kati yao kuna lango la shule. Mama aliyesimama langoni hajui amwendee nani kesho, aseme nini, angoje siku ngapi. Direkta naye hana kitabu kinachomwambia: siku ya kwanza fanya hivi, siku ya kumi fanya vile. Pasipo na njia inayojulikana, mwenye nguvu anapita, na mnyonge anarudi. Ndiyo maana tunasema kwamba mahali petu hatukosi sana haki iliyoandikwa. Tunakosa njia ya kushindana vizuri.

Wengine walifanyaje?

Wamarekani walitunga sheria mwaka 1975 juu ya masomo ya watoto wenye ulemavu. Ndani yake walitia kanuni ambayo sisi tunaitamani kuliko zote: wazazi na shule wakipingana, mtoto anabaki mahali alipo mpaka shauri liishe, isipokuwa pande mbili zikikubaliana vingine. Mwaka 1988 shauri la shule za San Francisco lilifika katika Mahakama Kuu ya nchi ile. Shule zilitaka ruhusa ya kuwaondoa wenyewe wanafunzi waliofanya fujo kwa sababu ya ulemavu wao. Mahakama ikakataa. Ikasema kwamba pakiwa na hatari shule inaweza kumsimamisha mtoto kwa siku zisizozidi 10, au kumwendea jaji, lakini haiwezi kumtoa kwa amri yake yenyewe. Baadaye, mwaka 1997, wakaweka usuluhishi wa bure mbele ya mtu asiye wa upande wowote. Na mwaka 2004 wakaamuru kwamba mzazi akileta shtaka rasmi, shule imwite kikaoni ndani ya siku 15.

Hatusemi tuige yote ya Marekani. Huko mashauri mengine yamewanufaisha mawakili kuliko watoto, na mzazi mwenye mali bado anasikilizwa upesi kuliko maskini. Lakini kumwacha mtoto kwenye benchi lake wakati wakubwa wanazungumza hakuhitaji wakili. Hakuhitaji hata makuta. Benchi lipo, mtoto yupo.

Tuje karibu zaidi. Huko Kenya walianza mwaka 1984 kufungua vituo vya kuwapima watoto, ili wajue kwanza mtoto ana shida gani na anahitaji nini, kabla mtu hajasema aende shule ipi. Na sheria yao ya masomo ya mwaka 2013 iliunda baraza la rufani, ili mtu asiyeridhika na uamuzi wa wakubwa wa masomo wa wilaya yake awe na mahali pa kupeleka kilio chake. Hatusemi kwamba Kenya hakuna mtoto aliyefungiwa nyumbani. Tunasema kwamba mzazi wa huko ana mlango wa kubisha.

Na Afrika ya Kusini inatufundisha jambo lingine. Huko, katika Western Cape, vyama vinavyowatunza watoto wenye ulemavu mkubwa wa akili viliungana na kuishtaki serkali, kwa sababu watoto hao hawakupewa nafasi ya kusoma. Serkali ilijitetea kwa kusema mali haitoshi. Mwaka 2010 mahakama ya Cape Town iliukataa utetezi huo, ikaamua kwamba haki ya watoto ya kusoma, usawa wao na heshima yao vimevunjwa. Tazameni vizuri ni nani aliyeshinda. Si mama mmoja aliyesimama langoni. Ni umoja wa watu. Mama mmoja anaambiwa "asante, mama", na mlango unafungwa. Mama 20 wanapewa viti.

Ngazi yenye vidato

Wakristu hawana sababu ya kusema kwamba hawajui jinsi ya kushindana. Katika Evanjili ya Matayo, sura ya 18, Bwana wetu Yezu Kristu aliweka ngazi yenye vidato: ndugu akikukosea, nenda kwanza uonane naye peke yenu, asiposikia, mchukue mtu mmoja au wawili, asipowasikia hao, liambie kanisa. Hakusema unyamaze. Wala hakusema uanze kwa kupiga kelele barabarani. Sisi tunafanya kinyume: tunanyamaza mbele ya direkta, halafu tunamsengenya kisimani na sokoni.

Ngazi hiyo yaweza kusimamishwa katika shule zetu bila kungoja amri kutoka juu. Tunaandika hapa mambo matano, na tunaomba kila komite ya wazazi, ile tunayoiita COPA, iyazungumze.

La kwanza. Mtoto asitolewe kwa maneno ya mdomo. Shule ikiona kwamba haiwezi kumfundisha mtoto, iandike sababu, iandike tarehe, direkta atie sahihi, mzazi apewe karatasi. Mkono unaoandika unafikiri kuliko ulimi unaosema. Direkta wengi wataona aibu kuandika kile walichokuwa tayari kukisema.

La pili. Karatasi hiyo isiwe kibali cha kumtoa mtoto. Iwe mwanzo wa mazungumzo, na mtoto aendelee kusoma. Kama kuna hatari ya kweli kwa mtoto au kwa wenzake, apumzishwe siku chache zenye hesabu, siku ya kurudi iandikwe, na masomo yapelekwe nyumbani.

La tatu. Ndani ya siku 15 watu waketi: mwalimu, direkta, wazazi, na mtu mmoja ambaye wazazi wamemchagua katika jumuiya yao ili awatie moyo. Na mtoto mwenyewe aulizwe. Bwana wetu alipomwita kipofu wa Yeriko hakumwuliza jirani yake. Alimwuliza yeye mwenyewe anataka nini.

La nne. Wasipopatana, aitwe mtu wa tatu asiyekula kwenye sahani ya upande wowote. Direkta hawezi kuwa mshtakiwa na jaji siku moja. Baraza la shule, yaani COGES, laweza kusaidia, lakini direkta naye yumo ndani yake. Basi aitwe mshauri kutoka Koordinasio ya shule za Katoliki, au inspekta, pamoja na mganga au mtu mwingine anayejua ulemavu wa mtoto. Na hapa hatuwezi kuwaacha majirani zetu wakubwa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinafundisha sheria, kinafundisha pia saikolojia na elimu ya malezi. Wanafunzi wake wanapita kila siku mbele ya nyumba ambamo watoto hawa wamefungiwa. Je, ni jambo gumu mno kwamba wachache wao, pamoja na mwalimu wao, waje kumpima mtoto na kuketi kati ya wazazi na shule? Elimu inayopita mlangoni pa mtoto bila kubisha inafanana na yule kuhani aliyepita upande wa pili wa njia ya Yeriko.

La tano. Patano liandikwe. Shule itafanya nini, wazazi watafanya nini, watakutana tena siku gani. Lisipotimizwa, kidato kinachofuata kijulikane na kila mtu: Koordinasio, halafu wakubwa wa serkali upande wa masomo, na mwisho kabisa mahakama. Wengi hawatafika huko. Lakini watu wakijua kwamba ngazi ipo, husikilizana upesi wakiwa bado chini.

Wazazi nao wajitazame

Tumesema maneno makali juu ya shule. Haitakuwa haki tukiwaacha wazazi bila neno.

Ninyi akina baba na akina mama, msifiche ugonjwa wa mtoto siku ya kumwandikisha. Mwalimu asiyejua hawezi kusaidia, na siku mtoto atakapoanguka mwalimu atasema, "Walinidanganya," naye atakuwa na haki. Msikimbilie kwa shemeji aliye mkubwa ofisini ili apige simu. Simu ya mkubwa inamrudisha mtoto wenu mmoja, inawaacha kumi wengine nje, na inamfanya mwalimu awe adui. Msimtukane mwalimu mbele ya watoto. Mkiitwa kikaoni, mfike, hata baba afike, maana akina baba wengi humwachia mama peke yake shauri la mtoto huyu kana kwamba alimzaa peke yake. Tena mtoto wa kifafa apelekwe kwa mganga na apewe dawa kila siku, maana dawa zinawasaidia wengi. Mzazi anayedai shule itimize wajibu wake wakati yeye anasahau dawa anajifunga mdomo mwenyewe.

Na kuna wazazi ambao, tuseme kweli, wamefurahi mtoto aliporudishwa. Waliona haya watu kumwona. Hao ugomvi wao si na shule. Ni na nafsi zao.

Neno la mwisho

Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Watu hulitumia neno hilo kuwaambia wanyonge wakae mbali. Sisi tunalielewa vingine. Tembo hawataacha kupigana: wazazi watadai, walimu watachoka, makuta hayatatosha leo wala kesho. Basi jambo la kwanza ni kuziondoa nyasi chini ya miguu yao. Mtoto akiwa darasani, wakubwa wanaweza kushindana mwezi mzima, na yeye wakati huo amejifunza kuandika jina lake. Mtoto akiwa nyumbani, hata patano zuri likifika baada ya mwaka, limechelewa mwaka mmoja wa maisha yake, na mwaka huo hakuna Koordinasio wala jaji anayeweza kuurudisha.

Kwa hiyo tunaomba jambo dogo. Jumapili ijayo, baada ya Misa, kila jumuiya ijihesabu: ni watoto wangapi wenye ulemavu walio kati yetu, na ni wangapi waliomo shuleni. Majina ya walio nyumbani yaandikwe. Kisha watu wawili wa jumuiya waende pamoja na kila mzazi kwa direkta, kwa adabu, na swali moja tu: "Karatasi inayomtoa mtoto huyu iko wapi?" Kama ipo, shauri lianze leo, na mtoto akae darasani tukizungumza. Kama haipo, basi hakutolewa na mtu, na kesho asubuhi aende shuleni pamoja na wenzake.